Kurudi kuandika riwaya huku umeajiriwa: muda sio shida, shida ni kupoteza uzi

Watu wakisikia nimerudi kuandika riwaya na bado nipo kazini asubuhi mpaka jioni, swali la kwanza huwa ni muda unaupata wapi. Mi naona muda ndo shida ndogo kuliko zote. Piga hesabu tu, maneno 300 kwa siku, siku 5 za wiki, hayo ni 1,500, zikipita wiki 40 una maneno 60,000 na hiyo tayari ni riwaya kamili, na maneno 300 ni kama ukurasa mmoja tu.

Kinachoziua riwaya zetu sisi waajiriwa ni kupoteza uzi. Jumapili umeandika vizuri kabisa, mhusika wako kasimama mlangoni anataka kumwambia mdogo wake siri ya baba yao, halafu Jumatatu mpaka Ijumaa ni vikao, ripoti, bosi, meseji za kazini mpaka usiku, ukikaa tena Jumapili hata hukumbuki alikuwa anaongea kwa hasira au kwa huruma, saa nzima inaishia kwenye kujikumbusha na saa yenyewe ndo hiyo hiyo uliyokuwa nayo. Ndo maana mi namshauri mtu aguse hadithi yake kila siku hata dakika ishirini, kuliko kusubiri wikiendi yenye saa nne ambazo nazo msiba au mgeni anaweza akazichukua zote.

Kama unarudi baada ya miaka mingi, anza kwa kuusoma mswada wa zamani mwanzo mpaka mwisho kama msomaji, bila kalamu mkononi. Najua mkono utawasha, kuna sentensi utaziona mbaya, ziache. Ukimaliza chukua daftari na kila sura iandikie mistari miwili: nini kimebadilika, na nani sasa anajua nini. Hapo kwenye nani anajua nini pakazie sana, kwa sababu majina na umri utakumbuka ila siri zinachanganya, unaweza ukamfanya mke ashangae jambo aliloambiwa sura tatu nyuma. Na jiandae pia kwamba wewe sio yule aliyeanza kuandika. Yule baba uliyemchora mkatili tupu saa hizi unaweza ukamwelewa, pengine ulimwandika hujawahi kulea na sasa unalea. Usipigane na hilo, liingize kwenye hadithi, yaani kwangu hiyo ndo zawadi kubwa ya kukaa mbali na mswada kwa muda mrefu.

Ila tafadhali usianze kuandika upya sura ya kwanza. Sura ya kwanza ni tamu kuirekebisha kwa sababu ipo tayari, na mtu mwenye saa moja kwa siku anaweza akamaliza mwaka mzima hapo hapo huku sura ya tisa haijazaliwa. Ukiamua dada mtu afe mapema, andika sura inayofuata kama vile ameshakufa, kwenye daftari weka "sura ya 2 rekebisha, dada anafariki" na usonge mbele.

Kila siku acha kuandika kabla hujaishiwa. Ukiwa bado unajua kinachofuata, simama, andika mstari mmoja wa kesho, mfano "anafungua mlango, mama kashika simu, hasemi kitu". Kesho yake ukikaa hutatafuta pa kuanzia, na kichwa kitakuwa kimefanya kazi chini chini mchana kutwa ukiwa kwenye foleni au kwenye kikao. Likikujia jambo ukiwa njiani jirekodi sauti kwenye simu hapo hapo, usijidanganye eti utakumbuka jioni.

Asubuhi au usiku? Mi ni mtu wa asubuhi, kabla sijafungua meseji yoyote. Mwandishi wa riwaya Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa posta Uingereza na aliandika alfajiri kabla ya kazi, saa imewekwa mezani, amejipangia maneno 250 kila robo saa. Shaaban Robert naye miaka mingi alikuwa mtumishi wa serikali, aliajiriwa forodhani mwaka 1926, na vitabu vyake tunavijua wote. Lakini kama una mtoto mchanga au unafanya kazi kwa zamu tumia upenyo ulionao, hata mapumziko ya mchana, mradi usiibe usingizi, ukiiba usingizi wiki mbili tu utaichukia riwaya yenyewe.

Kuna kitu watu hawakisemi sana, lugha ya kazini inaingia kwenye riwaya. Ukishinda unaandika barua na ripoti, jioni wapenzi wawili wanagombana na mmoja anasema "kama tulivyokubaliana awali". Dawa ninayoiamini ni kusoma mazungumzo yote kwa sauti, sikio linakataa haraka kuliko jicho.

Halafu usiandikie kwenye kompyuta ya ofisi. Siku ukiondoka inabaki na mswada wako, na mikataba mingine ya ajira ina kipengele kinachogusa kazi unazobuni, kwa hiyo usome. Tumia kifaa chako na uweke nakala sehemu mbili.

Kuna miezi kazi inakubana kweli, kufunga hesabu au mradi mpya, hapo usijilazimishe kuandika, fungua tu usome ukurasa wa mwisho kabla ya kulala na uongeze kaneno kwenye daftari kama kapo. Kipindi kikipita anza na ule mstari uliojiachia, na kama hukuuacha soma kurasa tatu za nyuma kisha andika mazungumzo peke yake, yaani nani kasema nini, halafu chumba kikoje na wamevaa nini utajaza baadaye.