Jibu: Cheti cha kusaini programu kinaisha mwezi ujao
Mkuu, umeuliza kama programu ulizokwisha kusaini zitagoma cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali kinachoonyesha nani katengeneza programu, kikiisha. Hazigomi, mradi ziligongwa muhuri wa muda (timestamp, uthibitisho wa lini zilisainiwa) siku ya kusainiwa. Bofya kulia faili la .exe, ingia Properties, kisha Digital Signatures. Safu ya Timestamp ikiandika "Not available", lisaini upya leo leo, na muhuri wa muda juu, kabla cheti hakijafa.

Kuhusu kupewa cheti kipya kwa faili la PFX (faili lenye cheti pamoja na ufunguo wake wa siri wa kusainia) kama zamani, sahau. Tangu Juni 2023 ufunguo wa siri lazima ukae kwenye kifaa salama, yaani tokeni ya USB au huduma ya wingu. Agiza mapema basi. Tokeni yangu ilikaa njiani wiki tatu, toleo jipya likinisubiri. Na kwenye ombi la cheti, jina la kampuni liandike kama lilivyo BRELA (wakala wa usajili wa kampuni Tanzania), hata nukta usiruke.