Mpapase mbwa kabla hajaingia ndani

Watu wengi wanaofuga mbwa hapa Arusha hukagua kupe kwa macho. Mbwa anaitwa, anageuzwa upande huu na ule, mgongo ukionekana safi anaachiwa aende zake. Siku chache baadaye mwenye mbwa anakuta kidubwana cha kijivu kimevimba kama punje ya mbaazi nyuma ya sikio, anashangaa kimetoka wapi. Kimetoka kulekule shambani mlikokwenda Jumapili. Siku ile kupe huyo alikuwa bapa, amejibana kwenye ngozi chini ya manyoya, na jicho lisingemwona.

Ukweni kwangu ni upande wa Monduli, na mbwa wangu Jimi haachwi nyuma tunapokwenda. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanapita kwenye zile nyasi kutwa, na panapopita mifugo kupe hawakosi, hasa mvua zikishanyesha na majani yakasimama. Kwa hiyo habari za kupe ninazo. Mtu akiniuliza dawa gani nzuri, huwa namuuliza kwanza kama amempapasa mbwa wake. Kupe hutafutwa kwa vidole, na hutafutwa jioni ileile ya kurudi. Dawa inakuja baada ya hapo.

Kwa nini jioni ileile? Kwa sababu kupe akishapanda hang'ati papo hapo. Anatembeatembea kwanza akitafuta ngozi laini, kisha anajichimbia na kunyonya kwa siku kadhaa. Vijidudu vya babesia, ambavyo huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa, kwa kawaida huhitaji kama siku mbili za kupe kunyonya kabla havijapita kwenye mate yake. Vile vya erlikia, ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe, vina haraka zaidi, vinaweza kupita ndani ya saa chache. Ukisubiri Jumamosi ya kumwogesha mbwa, vyote viwili vimeshapata nafasi. Ukimpapasa kabla ya chakula cha usiku, kupe wengi utawakuta bado wanatembea au ndio kwanza wameshika.

Inafaa pia kujua wanapandaje, maana hilo ndilo linalokuambia pa kutafuta. Kupe haruki, hana mabawa, wala haangukii mbwa kutoka juu ya mti. Anapanda kwenye ncha ya jani la nyasi, anainua miguu ya mbele na kungoja. Kwenye miguu hiyo ana kiungo cha kunusa pumzi na kuhisi joto la mnyama anayekaribia. Mbwa akipita na kugusa jani, kupe anadandia. Ndiyo maana wanaanzia miguuni, kifuani na puani, kisha wanapanda kwenda kwenye mikunjo. Mgongo, ambao ndio watu wanautazama, mara nyingi ndio wenye kupe wachache.

Mimi Jimi namfanyia kazi hii barazani, kabla hajavuka mlango. Namlaza ubavu, tochi ya simu iko karibu, na vidole vinapita kinyume na manyoya, vikigusa ngozi yenyewe. Naanza kichwani: midomo, kope, kidevu, kisha masikio. Sikio lina kazi, maana kuna pindo lake la nje, kuna kile kimfuko kidogo cha ngozi pembeni mwa sikio, na kuna ndani. Kupe akiwa ameingia ndani kabisa ya tundu na mbwa anatikisa kichwa bila kukoma, usichokoe kwa kijiti wala pamba, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Nikitoka hapo navua ukanda wa shingoni. Wengi wanaupapasia kwa juu, na chini yake ndipo kupe wanapopapenda. Yanafuata makwapa, kifua, kinena, chini ya mkia, na mwisho katikati ya vidole vya miguu, kimoja kimoja. Jimi hapendi kabisa kushikwa vidole, ananuna, lakini akishalishwa kipande cha nyama anasahau.

Unachotafuta ni kiuvimbe kidogo kigumu. Ukikigusa, fungua manyoya na umulike kabla ya kukivuta. Nimeshaona jirani akihangaika kung'oa chuchu ya mbwa dume, na dume wa watu analia. Mbwa dume wana chuchu, tena zimepangana safu mbili. Chunjua na vigaga vya vidonda navyo hudanganya vidole. Kupe ana miguu, nayo utaiona pale alipogusana na ngozi. Ukimkuta kupe jike aliyevimba, usiridhike naye. Angalia pembeni yake na hata chini yake, maana dume haumuki kama jike, anabaki mdogo na bapa, na mara nyingi wanakaa jirani.

Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi unammaliza upesi. Mwenye mbwa wa manyoya mengi, kama German Shepherd, ana kazi ndefu, na kitana chenye meno ya karibu kitamsaidia kuwatoa wale ambao bado hawajang'ata.

Sasa kumtoa. Utahitaji kibano chenye ncha nyembamba, kile cha kuchomolea nyusi kinafaa, ila kikishatumika kwa mbwa kisirudi kwenye pochi ya mama watoto. Shika kupe karibu na ngozi kadiri unavyoweza, pale kichwa kilipozama, si kwenye tumbo. Tumbo ukilibana unayasukumia mbwani yaliyomo ndani yake. Kisha vuta kwa nguvu moja, taratibu, kwenda juu, bila kukurupua na bila kuzungusha. Utaona ngozi inainuka pamoja naye. Usiachie, endelea kuvuta vilevile, ataachia yeye. Wale wa kahawia wanaopenda mbwa wana midomo mifupi na hutoka bila shida. Yule mkubwa mwenye rangi rangi mgongoni, ambaye kwa kawaida ni wa ng'ombe lakini mbwa naye humpata, ana mdomo mrefu na anashika kweli. Kwake unahitaji subira.

Kama kipande cha mdomo kimebaki ndani, kiache. Ngozi itakisukuma nje yenyewe kama inavyosukuma mwiba. Ukianza kuchimba kwa sindano ndipo unapotengeneza kidonda. Safisha pale kwa dawa ya vidonda au maji na sabuni, na usishtuke ukiona kiuvimbe kimebaki kwa siku kadhaa. Kikizidi kukua, kikawa cha moto au kikatoa usaha, hapo sasa kionyeshe kwa daktari.

Najua kuna wasomaji wanaongoja nifike kwenye mafuta ya taa. Wazee wetu waliyatumia, na ni kweli kupe akimwagiwa mafuta ya taa hujinyonganyonga. Tatizo ni kwamba katika kuhangaika huko anaweza kutapikia mate na uchafu wake ndani ya mbwa, ambacho ndicho kitu unachokikimbia. Njiti ya kiberiti iliyotoka kuzimwa ina shida hiyohiyo, na juu yake unamuunguza mbwa. Oili chafu ya gari, ambayo naona bado inapakwa mbwa mitaani kwa kupe na kwa upele, ni mbaya kuliko zote. Mbwa hujilamba, na ile oili inaishia tumboni. Kibano kinapatikana sokoni kwa bei ndogo, sioni sababu ya kuendelea kubishana.

Aliyetoka usimpasue kwa kucha. Ninayo chupa ndogo yenye spiriti kiasi, natumbukiza wote humo na kufunga kifuniko. Kisha naosha mikono kwa sabuni, au kama kupe ni wengi navaa glavu tangu mwanzo. Kuwatupa uani ni kuwapa nafasi ya pili, na jike aliyeshiba hana haja ya mbwa tena. Anahitaji ufa wa ukuta tu ili atage mayai, na anataga kwa maelfu.

Hapa ndipo watu wa mjini wanapopigwa. Kupe wengi wanahitaji majani na unyevu wa nje ili waishi, lakini yule wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba yako au kwenye banda la mbwa. Yai, kisha mtoto mwenye miguu sita, kisha mwenye minane, kisha kupe kamili, na katika kila hatua baada ya yai anapanda mbwa, ananyonya, anashuka na kujificha ufani. Ukiona vidudu vidogo vinapanda ukutani kuelekea dari, au vimejaa nyuma ya picha na kwenye maungio ya mbao za banda, jua tatizo limeshatoka kwa mbwa na kuhamia kwenye jengo. Hapo kuogesha mbwa peke yake hakutoshi. Nyufa zizibwe, matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto au yachomwe, banda lipuliziwe dawa inayoruhusiwa kwa kazi hiyo, na zoezi lirudiwe baada ya wiki chache, maana mayai huanguliwa baadaye. Nyasi za uani zikatwe fupi. Kuku wa kienyeji wakizurura hapo watakusaidia, wanawadonoa na kuwala.

Kuhusu dawa nitasema machache, maana kila duka la dawa za mifugo lina zake. Kinachouzwa sana ni ile ya kuogeshea ng'ombe, yenye amitrazi, ambayo watu hupimia kwa kizibo na macho. Soma karatasi yake. Kipimo cha mbwa kimeandikwa humo, na kama hakijaandikwa basi dawa hiyo si ya mbwa wako. Usimpake mtoto wa mbwa, na usimwache ajilambe kabla hajakauka. Mbwa akianza kulegea, kusinzia na kuyumba baada ya kuogeshwa, amezidishiwa, mkimbize kwa daktari. Mwenye paka nyumbani awe mwangalifu zaidi, kwani amitrazi ni hatari kwa paka, na dawa za mbwa zenye kiua wadudu kiitwacho permetrini zinaweza kumuua.

Siku hizi kuna vidonge vya kumeza, vingine vya mwezi mmoja na vingine vya kama miezi mitatu. Vinafanya kazi vizuri, bei yake ndiyo inayouma, na mbwa mwenye kifafa asipewe kabla ya kuongea na daktari. Lakini vinamuua kupe akishang'ata na kuonja damu. Havimzuii kupanda, kwa hiyo hata Jimi anapokuwa amemeza, napapasa vilevile.

Yote hayo ukiyafanya, mmoja anaweza kukuponyoka. Wiki moja hadi tatu baada ya kutoka porini, mwangalie mbwa. Akikataa chakula anachokipenda, akilala tu, akiwa na joto, fungua mdomo uangalie fizi. Fizi za mbwa mzima ni za waridi. Zikiwa nyeupe au za manjano, au mkojo ukawa mweusi wa chai ya rangi, usingoje kesho. Hiyo inaweza kuwa babesia, na ile ya huku kwetu Afrika huua upesi. Erlikia inakuja polepole zaidi, mbwa anakonda, wakati mwingine anatoka damu puani bila kugongwa na kitu.

Ukifika kwa daktari wa mifugo mtajie siku mliyokwenda shamba na kwamba ulimtoa kupe. Mwombe apime damu. Tone la ncha ya sikio likipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini linaweza kuonyesha babesia palepale. Na kama atachomwa sindano, sisitiza mbwa apimwe uzito kwanza. Dawa ya babesia iitwayo diminazini, ambayo mabwana mifugo wengi wanatembea nayo kwa ajili ya ng'ombe, kwa mbwa haina nafasi kubwa kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru, na kukadiria uzito kwa macho ni kubahatisha. Erlikia hutibiwa kwa antibiotiki ya doksisaiklini, kwa kawaida kwa wiki 4 hivi. Mbwa anaanza kula na kutikisa mkia mapema, na watu wengi huacha dawa hapo. Mmalizishie.

Na ninyi mliokwenda naye jikagueni. Vueni soksi, tazama nyuma ya magoti, kiunoni penye mkanda, makwapani, na kwa watoto tazama nyuma ya masikio na kwenye nywele. Kupe wa mifugo anaweza kumwambukiza mtu homa. Kichwa kinauma, mwili unachoka, na mahali alipong'ata panabaki kidonda chenye kigaga cheusi. Inatibika vizuri, ila dalili zake zinafanana na za malaria. Kwa hiyo ukienda zahanati na kipimo cha malaria kikasema huna, muonyeshe daktari hicho kigaga na umwambie ulikuwa kwenye nyasi za mifugo.