Maswali yenu: AC ya jirani na desibeli 35

Kaskazi imeingia, Mombasa inachemka, na barua za AC zimezidi zile za maji. Nimechagua chache.

Boksi la nje la AC ya jirani linatazama dirisha letu la kulala, mita mbili hivi. Linanguruma hadi alfajiri. Sheria inasemaje? (Mpangaji, Tudor)

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira. Mtaa wa makazi, ukipima nje ya nyumba, mwisho ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 mchana na 35 usiku. Ndani ni 45 na 35. Ikiwa mtaa wenu umechanganya nyumba na maduka, mchana unapanda hadi 55, lakini usiku unabaki 35. Na usiku wenyewe si ule wa manane: unaanza saa 2:01 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Kinachopimwa ni wastani wa muda, si ule mshtuko wa kompresa (pampu ya gesi iliyo ndani ya boksi) ikiwaka.

Sasa tupige hesabu. Boksi la nje la AC ya kawaida ya chumba kimoja hutoa kama desibeli 50 ukisimama mita moja. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu, kelele hupungua kama desibeli 6. Mita 2 ni 44, mita 4 ni 38, mita 8 ni 32. Maana yake, AC nzima kabisa, isiyo na kasoro hata moja, ikiwa mita mbili kutoka kwako inavuka kiwango cha usiku. Na hapo nimekuhesabia uwanja mtupu. Kati ya ghorofa mbili zilizobanana, kuta hurudisha sauti. Kwa hivyo usiende kumwambia jirani mashine yake ni mbovu, atamwita fundi na fundi atamtetea. Zungumzia mahali ilipofungwa. (Nashuku waliotunga kile 35 walikuwa wakifikiria disko, si AC. Lakini ndicho kilichoandikwa.)

Nimepima kwa programu ya simu, inaonyesha 58. Huo si ushahidi tosha? (Nyali)

Si tosha. Maikrofoni ya simu imetengenezewa sauti ya mtu, na simu mbili zikiwekwa meza moja zinaweza kutoa namba tofauti. Daftari litakusaidia zaidi: tarehe, saa inapowaka, saa inapozimwa. Kanuni haziangalii desibeli peke yake. Zinauliza pia ni saa ngapi, ni karibu kiasi gani na makazi, kelele ni ya mfululizo au ya kukatika, na kama mwenyewe angeweza kuipunguza bila taabu wala gharama kubwa. Swali hilo la mwisho ndilo huwabana wenye AC.

Nikashtaki wapi? (Baba wa watoto watatu, Kizingo)

Mzee wangu, anza kwa mwenye nyumba, maana ndiye aliyeruhusu ukuta utobolewe. Akikupuuza, nenda kaunti: Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti udhibiti wa kelele. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nao hupokea malalamiko. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea haki yako ya mazingira safi bila kuthibitisha umepata hasara. Ila wakili atakugharimu kuliko AC yenyewe.

Mimi ndiye mwenye AC. Jirani analalamika, na fundi anataka kulizungushia boksi mbao. Nikubali? (Bamburi)

La, dada. Boksi likikosa hewa, joto halitoki, kompresa inahangaika na kelele inaongezeka. Mwambie fundi akaze nati, asafishe feni, atie raba nene chini ya miguu ya mashine. Aangalie na vyuma vinavyoibeba: chumvi ya bahari huvila, vikilegea vinatetemesha ukuta, na jirani anausikia mtetemo kitandani kwake. Kama ukuta ni wa pamoja, ishushe sakafuni. Na ukitaka kuongeza ya pili, jua mashine mbili za 50 zikiwa pamoja hutoa 53, si 100.

Mwanangu yuko Hamburg. Jirani yake amefunga pampu ya joto nje, mashine kama AC ila ya kupasha nyumba joto, inavuma usiku kucha. Huko ni vipi? (Mama, Likoni)

Mama, Ujerumani nako usiku ni desibeli 35 kwenye mtaa wa makazi pekee, 40 kwenye mtaa wa makazi wa kawaida. Hupimwa nusu mita nje ya dirisha lililo wazi la chumba kinachoathirika zaidi, kwa hivyo aulize kwanza mtaa wake umeandikishwa kundi gani. Ila usiku wao kwa kawaida unaanza saa 4. Sisi tumepewa saa mbili zaidi.