Damu ya mbwa inapopungua tena: maswali ya wasomaji

SWALI: Mbwa wangu, chotara wa German Shepherd wa kilo 20, alipatikana na ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuharibu damu yake mwenyewe. Alianzishiwa prednisoloni, vidonge 8 vya miligramu 5 kwa siku, akapata nafuu hadi akarudi kubweka getini. Tuliambiwa tupunguze polepole, basi tukashuka hadi 4, kisha 2, kisha 1, kila baada ya wiki mbili. Juma hili fizi zimekuwa nyeupe tena na mkojo una rangi ya strungi. Maabara wameandika PCV 21. Je, dawa imeshindwa? Jirani ananiambia nimdunge alale tu.
Msomaji, Kasarani

JIBU: Ndugu wa Kasarani, usimdunge alale milele kwa ajili ya nambari hiyo. Dawa haijashindwa, ila imeshuka haraka kuliko mwili wa mbwa wako ulivyoweza kustahimili. Prednisoloni haing'oi ugonjwa huu. Inanyamazisha kinga isishike chembe nyekundu na kuzipeleka kwenye wengu na ini zikavunjwe. Ukikata dozi nusu kwa nusu, kinga inaamka kabla hujajua, kwa sababu fizi hazibadiliki mpaka damu iwe imeshuka sana.

PCV ni sehemu ya damu iliyojaa chembe nyekundu. Mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55 kwa mia. Mwenye 21 bado anaweza kutembea na kula, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakasema tungoje wikendi ipite. Msingoje. Inaweza kushuka hadi 12 kwa siku mbili. Mpeleke leo, na umwombe daktari vipimo vya aina mbili pamoja na PCV. Kwanza, damu itazamwe kwa darubini, iliyopakwa kwenye kioo ikiwa mbichi, si ile iliyokaa kwenye joto la gari kutoka Kasarani hadi mjini. Pili, tone moja la damu lichanganywe na matone manne ya maji ya chumvi ya hospitali. Chembe zikiendelea kushikana makundi makundi hata baada ya kuchanganywa, kinga ndiyo inayozishika. Mwambie pia akutajie rangi ya maji yanayobaki juu damu ikishazungushwa kwenye mashine. Yakiwa meupe, uharibifu umetulia au damu inapotelea kwingine. Yakiwa ya njano au mekundu, chembe zinavunjwa sasa hivi.

Kwa PCV 21 yenye mkojo mweusi, madaktari wengi watamrudisha kwenye dozi kamili, yaani miligramu 2 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 20 hizo ni miligramu 40, vile vidonge 8 vya mwanzo. Kuzidisha hapo hakuongezi nafuu, kunaongeza kiu, kuhema, misuli kulegea na hatari ya damu kuganda. Kama ingekuwa imeshuka kidogo tu, tuseme kutoka 38 hadi 31, na mbwa hana dalili, huenda ingetosha kupanda hadi dozi ya mwisho iliyomshika vizuri. Anayerudiwa na ugonjwa pia huongezewa dawa ya pili ya kutuliza kinga, kama azathioprini, mikofenoleti au siklosporini. Azathioprini huchukua wiki mbili au zaidi kuonyesha kazi, kwa hiyo usiiache siku ya kumi ukisema haifai. Huweza kuumiza ini na uboho, ndiyo maana damu hupimwa kila wiki mbili miezi ya kwanza. Mikofenoleti kosa lake kubwa ni kuhara.

Usisahau kuganda kwa damu. Wenye ugonjwa huu huuawa na mabonge ya damu kwenye mapafu mara nyingi kuliko na upungufu wenyewe, na wiki mbili za kwanza ndizo mbaya zaidi. Muulize daktari kuhusu klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande. Mbwa akianza ghafla kuhema kwa tumbo, au mguu wa nyuma ukalegea na kuwa baridi, hiyo ni safari ya usiku huo huo, hata kama PCV ya asubuhi ilikuwa nzuri.

Sasa namna ya kushuka, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mwongozo wa madaktari wa tiba ya ndani ya wanyama wa Marekani, uliotolewa mwaka 2019, unataka PCV iwe juu ya 30 na imetulia kwa wiki mbili kabla ya kupunguza mara ya kwanza. Kisha unapunguza robo, si nusu, kila wiki tatu, na kila mara damu ipimwe kwanza. Kwa vidonge vyako vya miligramu 5: 8, halafu 6, halafu 4 na nusu, halafu 3 na nusu, halafu 2 na nusu. Kwa mwendo huo, wiki ya saba mbwa wako angekuwa bado juu ya miligramu 20, nawe ulikuwa kwenye 5. Safari nzima ya dawa huchukua miezi 4 hadi 8. Tunajua ni muda mrefu, na tunajua bei ya vipimo. Ukilazimika kubana matumizi, refusha muda kati ya hatua. Usiruke kipimo.

Angalia pia chupa yenyewe. Duka la dawa hutoa vidonge vya 5 leo na vya 20 kesho, na msaidizi wa nyumbani anaendelea kuhesabu vidonge bila kusoma. Andika miligramu kwenye kalenda, si idadi. Na dawa ikiisha, usikae siku mbili ukingoja mshahara. Mwili uliozoea prednisoloni husahau kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo, na kuikata ghafla kunaweza kumwangusha mbwa hata bila ugonjwa wa damu kurudi.

Jambo la mwisho, nalo Nairobi halikwepeki, ni kupe. Kabla ya kuamini kwamba ugonjwa umejirudia wenyewe, atafutiwe babesia na erlikia. Vijidudu hivyo huletwa na kupe, na huweza kuvunja damu au kuchokoza kinga iivunje. Babesia ina sindano yake, inayodungwa na daktari, na erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini kwa siku 28. Mbwa anayetumia dozi kubwa ya prednisoloni huku babesia ikimla atazidi kuzama, na nyumbani mtadhani ni ugonjwa ule ule. Yule kupe wa kahawia huishi ndani ya nyufa za kibanda na ukuta wa servant quarter, si mwilini tu, kwa hiyo kumwogesha mbwa pekee hakumalizi. Ziba nyufa, nyunyizia kibanda dawa inayofaa, choma matandiko ya gunia. Usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe uliyoikadiria kwa kifuniko.

Nyumbani, kila asubuhi, mtazame ufizi kwenye mwanga wa jua, si wa balbu. Mwenye fizi nyeusi, vuta kope la chini uangalie ndani. Akiwa usingizini, hesabu pumzi kwa nusu dakika kisha zidisha mara mbili. Zikizidi 30, piga simu. Kinga mkojo kwenye chupa nyeupe uiache itulie. Wekundu ukizama chini, kuna damu nzima inayotoka kwenye njia ya mkojo. Ukibaki umeenea kote, chembe zinavunjwa ndani ya mishipa.

SWALI: Mbwa wetu aliwekewa damu ya mbwa wa rafiki miezi mitano iliyopita. Ugonjwa umerudi. Tunaweza kumtumia mbwa yule yule?
Mama wa Rongai

JIBU: Mama, inawezekana, lakini si kwa kudhani. Mara ya kwanza mbwa huwa hana kingamwili za maana dhidi ya damu ya mwenzake, ndiyo maana aliipokea vizuri. Baada ya siku nne hivi tangu kuwekewa, mwili huweza kuanza kuzitengeneza, na zikiwapo, damu ile ile iliyomwokoa inaweza kumdhuru. Safari hii lazima damu za wote wawili zilinganishwe kwanza maabara. Mbwa mtoaji awe mzima, na apimwe upya babesia na erlikia, maana miezi mitano ni muda wa kutosha kuumwa na kupe. Mfuko mmoja hubeba mililita 450, na mtoaji anafaa kuwa na kilo 25 au zaidi. Kwa hesabu, kila mililita 2 za damu nzima kwa kilo hupandisha PCV kwa 1. Mbwa wa kilo 20 akipewa mililita 400 atapanda kama 10. Damu hiyo inanunua siku chache tu, dawa zifanye kazi.

SWALI: Mbwa wangu mwenye ugonjwa huo nampa juisi ya bitiruti, maini na vidonge vya chuma. Mbona damu haipandi?
Msomaji, Kayole

JIBU: Kwa sababu chuma hakijapungua. Chembe zinavunjwa ndani ya mwili na chuma chake kinabaki humo humo. Maini kidogo hayana ubaya, ila bitiruti itakuchanganya kwa kuupaka mkojo rangi. Ondoa kabisa vitunguu, vibichi na vilivyopikwa, pamoja na mchuzi unaobaki kwenye sufuria ya sukuma wiki. Kitunguu chenyewe huvunja chembe nyekundu. Panadol, ibuprofeni na diklofenaki zisimguse. Mbili za mwisho zikikutana na prednisoloni hutoboa tumbo, na kinyesi cheusi kama lami ndiyo dalili yake.

SWALI: Chanjo ya kichaa cha mbwa imefika muda wake, na mbwa wangu mwenye ugonjwa huo bado anatumia dozi kubwa ya prednisoloni. Nimchanje?
Msomaji, Umoja

JIBU: Usimchanje wala usiamue kuiacha bila daktari wake. Chanjo huiamsha kinga, na sasa tunaibembeleza ilale. Lakini kichaa cha mbwa kipo Kenya na kinaua watu. Madaktari wengi huisogeza mpaka dozi ishuke, na mbwa anabaki ndani ya ua, asikutane na mbwa wa mtaani wala kutembezwa bila kamba. Chanjo ya kichaa cha mbwa anayopewa mbwa ni ya virusi vilivyouawa. Zile nyingine zenye virusi hai vilivyodhoofishwa zisitolewe kabisa akiwa kwenye dozi hiyo. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa aende hospitali siku hiyo hiyo.