Mepo Dodoma? Panda mkungu

Kila mvua za Desemba zikikaribia, watu wanaojenga Iyumbu, Nzuguni na kule Ilazo huniuliza jambo moja: ule mti wa majani mekundu wanaouona kwenye picha za simu, mepo ya Kijapani, ndugu wa ule ambao jani lake lipo kwenye bendera ya Kanada, kwetu utakubali? Nawajibu kwamba kuota unaweza kuota. Kustawi ni habari nyingine, na mimi sikushauri utie hela yako hapo.

Hapo ndipo huletewa hoja ya zabibu. Zabibu nayo si ya nchi za baridi? Mbona Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka? Hoja ina nguvu, na inawapoteza wengi. Mzabibu unakubali kulazimishwa. Mkulima wa Mpunguzi akishaupogoa na kuumwagilia, unachipua upya bila kujali kalenda ya Ulaya. Mepo haina tabia hiyo. Matumba inayoyafunga mwishoni mwa msimu hudai wiki kadhaa za baridi ya kweli, chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo yafunguke sawasawa. Sisi hapa usiku wa Julai tukijifunika mablanketi mawili bado tuko kwenye nyuzi 13 au zaidi. Mti unabaki haujui ulale lini na uamke lini. Unatoa majani machache tawi hili, tawi lile liko kimya, na kila mwaka unazidi kunyong'onyea. Kisha unakuja upepo mkavu wa Agosti hadi Oktoba. Jani la mepo ni jembamba, na upepo ule unalikausha kuanzia kingoni. Ukiongeza maji ya kisima yenye chumvi, hali inakuwa mbaya zaidi. Mtu wa Njombe au Makete, kunakoota matofaa, anaweza kujaribu akiwa na matumaini. Wa Dodoma aiweke kwenye chungu kivulini, aihesabu kuwa ni ya kufurahia kwa muda tu.

Na tafadhali, mbegu za "mepo ya bluu" zinazouzwa mitandaoni usinunue. Hakuna mepo yenye majani ya bluu duniani, picha zile zimepakwa rangi kwenye kompyuta. Hata mbegu halali za mepo ya Kijapani hukaa miezi mitatu hivi kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji kabla ya kuota, jambo ambalo muuzaji hatakwambia.

Sasa, kama unachotaka ni jani jekundu, mti upo na pengine umeupita leo: mkungu. Huu wa matunda ambayo watoto huyaponda kwa jiwe wapate kokwa. Jani lake kabla ya kuanguka hugeuka njano, kisha chungwa, kisha jekundu la damu ya mzee, na rangi hiyo inatokana na kemikali za aina ileile inayoipa mepo wekundu wake, anthosianini. Tofauti ni kwamba mkungu haugeuki wote siku moja. Unakuta tawi la chini limeiva na la juu bado kijani, na mimi naona ndivyo unavyopendeza. Wangu huanza kubadilika kiangazi kikikolea, wakati mtaa mzima umekuwa vumbi. Matawi yake hutoka kwa ngazi, yamelala, kwa hiyo umbo nalo ni pambo hata bila rangi.

Nisikufiche: mkungu ni mti wa pwani na unapenda maji kuliko Dodoma inavyotoa. Mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 570, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye viangazi viwili vya mwanzo. Ukivivuka hivyo, mizizi imeshuka na mti unajitafutia.

Chimba shimo mapema, Oktoba au Novemba, sentimita 60 kila upande na kina hichohicho. Viwanja vyetu vingi vina tabaka gumu chini ya ule mchanga mwekundu. Usiliache, livunje kwa sululu, maana mzizi ukiligonga utageuka na kutambaa juujuu. Udongo wa juu uchanganye na debe la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza. Miche inunuliwe kitaluni au uioteshe mwenyewe: okota matunda yaliyoanguka, yalaze kwenye viriba, yafukie nusu, weka kivulini na unyevu usikauke. Ukinunua, chungulia chini ya kiriba. Mzizi uliojizungusha kama kamba ya ndoo ni mche uliokaa mno, achana nao.

Upande wa chini wa mteremko jenga tuta la nusu mwezi lishike maji ya mvua. Kiangazi, ndoo mbili mara mbili kwa wiki zinafaa kuliko kopo kila jioni, kwa sababu kopo linalowesha juu tu na mizizi inabaki huko huko juu. Siku za mgao natumia maji ya suuza. Yale ya kwanza, yenye sabuni nyingi au jiki, hapana. Chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kizibo kimetobolewa kwa sindano na kufukiwa kichwa chini kando ya shina, inasaidia sana ukisafiri.

Funika udongo kuzunguka shina kwa mabua ya mtama au uwele, lakini acha nafasi ya shubiri moja. Mabua yakigusa shina unawaita mchwa mezani. Ukiona vinjia vya udongo vinapanda kwenye gome, vikwangue siku hiyohiyo na umwage majivu kuzunguka. Mbuzi ni habari nyingine kabisa. Bila uzio wa miiba usijisumbue kupanda, hasa kama jirani yako anafungulia wake asubuhi na kuwasahau.

Mahali pa kupanda pana umuhimu wake. Mkungu hupita mita 10 kwa urefu, na matawi yake yanakwenda mbali. Mita sita kutoka ukutani ndiyo ya chini kabisa, na uwe mbali na shimo la choo. Wanaovuna maji ya bati wauweke mbali zaidi, kwani jani lake kubwa linaziba mifereji, na likiingia tangini maji yanakuwa rangi ya chai. Kupogoa ni kidogo: ondoa ngazi ya chini mti unapozidi kurefuka, kilele usikiguse, maana ngazi zote zinatoka hapo.

Mwenye kiwanja kidogo atafute waridi la jangwani kwenye chungu. Mkrismasi ni mzuri ajabu kwa maua ya Novemba na Desemba, ila matawi yake ni mepesi kuvunjika na mizizi inatambaa juu, sishauri ukae karibu na nyumba. Na mwenye gari na nafasi, Septemba au Oktoba aende barabara ya Manyoni hadi Itigi na kuendelea Tabora, aone miombo inavyotoa majani mapya yenye rangi ya shaba na nyekundu kabla ya tone la mvua. Hiyo usihangaike kuihamishia nyumbani, haipendi kung'olewa.

Panda mche mvua ikishalowesha udongo hadi kiwiko. Manyunyu ya kwanza yanadanganya. Na mvua ikikatika wiki mbili katikati ya msimu, kama ilivyo kawaida yake huku kwetu, rudia zile ndoo.