Maswali na majibu: Kuiomba serikali ikusindikize msituni

Nataka kukaa wiki 3 milimani Udzungwa nikihesabu mbega. Serikali itanipa fedha? (Mwanafunzi, Morogoro)

Mara chache. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, inasimamia MTUSATE, mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia, nao hutangaza ruzuku. Fuatilia matangazo, ila usiufanye ndio nauli yako. Serikali ina vitu ambavyo fedha yako hainunui: askari anayejua njia za tembo, kambi ya doria, barua yenye mhuri. Viombe kwa idadi: “askari 2, siku 21, chakula na posho juu yetu.” Barua inayoomba “ushirikiano wenu” hujibiwa “karibu sana”, basi.

Nianzie ofisi gani?

Uliza kwanza msitu ni wa nani. Udzungwa ni jina moja, wasimamizi wengi. Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa 1992, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kilombero na Uzungwa Scarp ni hifadhi za mazingira asilia, hizo ni za TFS, wakala wa misitu. Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na kibali cha utafiti hutoka COSTECH. Ukishakipata usikimbilie mlimani: piga hodi mkoani, wilayani, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Huyu wa mwisho wengi humruka, halafu wanashangaa wapagazi hawapatikani.

Posho ya askari nimpe mkononi?

Kwa kiwango cha ofisi yake, na risiti.

Mwenzangu anatoka Italia. Kuna la ziada?

Lipo. Anahitaji mshirika Mtanzania (wa kazi, si jina la kujazia fomu) na kibali cha ukaazi daraja C. Sampuli zikitoka nchini, kuna mkataba wake. Aanze miezi kadhaa kabla.

Ofisa aliniuliza, “Taifa linafaidika nini?” Nikakwama.

Mpe kisa cha sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) wa Udzungwa: kamera zilizotegwa msitu wa Ndundulu zilimnasa 2005, na 2008 akatangazwa spishi mpya. Au kwale wa milima hiyo, ambaye 1991 watafiti walimshtukia kwa miguu yake ndani ya sufuria kambini! Akishacheka, hamia kwenye umeme: mitambo ya Kihansi, megawati 180, huzungushwa na maji yanayoshuka kutoka milima hiyohiyo. Hapo ataomba nakala ya andiko lako. Nenda nazo 3.