Mwandishi Hakuja kwa Ajili ya Sabuni

Miezi minane ya mwanzo nilikuwa naposti sabuni tu. Sabuni juu ya mkeka, sabuni ndani ya kifuu, sabuni na bei yake, na chini namtagi kila mwandishi wa habari ninayemjua kwa jina. Hakuna aliyejibu. Mmoja alinifungia kabisa. Iliniuma wakati ule, ila leo namwelewa: nilikuwa namtaka anitangazie biashara bure, na gazeti lake lina watu walioajiriwa kuuza matangazo.

Sisi ni wanawake sita, kusini mashariki mwa Unguja, tunatengeneza sabuni ya mwani. Picha iliyotufungulia njia haina sabuni hata moja. Ni mkono wa bibi mmoja wa kikundi chetu, ameshika shada la mwani uliogeuka mweupe, unakatika ukiugusa. Chini niliandika kwamba huo ni cottonii, ule mwani wenye bei nzuri, tumeupanda mara tatu na mara zote tatu umekufa kwa joto la maji. Tumebaki na spinosum, ambao unastahimili zaidi lakini ukiuuza mkavu kwa kilo hupati kitu, ndiyo maana tukaanza kuusaga na kuutia kwenye sabuni. Usiku uleule mwandishi akaniandikia inboksi: naweza kuja kuona?

Kwa hiyo wewe mwenye asali, mwenye viatu, mwenye programu ya simu, kabla hujaposti iondoe bidhaa yako kwenye maelezo halafu utazame kimebaki nini. Kwetu kilibaki kilimo kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanawake waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha za mwani, sasa wanaona bahari inawageuka. Mhariri anaweza kuipa hiyo ukurasa. Sabuni inaingia humo yenyewe, bila kusukumwa.

Yule mwandishi alikuja, na hapo nilikosea vibaya. Sikumwambia kitu kuhusu maji. Alifika siku za maji mafu, ambapo bahari hairudi nyuma vya kutosha, akakuta imejaa, shamba halionekani, wanawake wako majumbani. Akapiga picha mbili za sabuni akaondoka, na habari haikutoka. Nilikaa na uchungu ule wiki nzima, maana alikuwa ametumia siku yake na nauli yake.

Tangu hapo kila bamvua likikaribia, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, naandika mapema kwenye ukurasa wetu na kwenye statasi ya WhatsApp: Jumatano maji yatapwa sana kuanzia kama saa nne asubuhi, tutakuwa shambani tunafunga mbegu, anayetaka kuona aje na viatu vya kukanyagia majini. Haionekani kama ombi, lakini ndiyo posti iliyoleta waandishi wengi kuliko zote. Kila kazi ina bamvua lake: siku ya kurina asali, siku ya kufungua tanuri. Litangaze kabla halijafika.

Jambo la simu ni fupi ila limenigharimu. Mwandishi wa redio aliniandikia asubuhi, nikamjibu kesho yake jioni. Alikuwa ameshazungumza na watu wengine. Sasa zamu ya simu tunapeana, na mwenye zamu anajibu hata kama ni kusema tu "nakupigia baada ya nusu saa". Picha tunazituma WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida zinapunguzwa ukubwa na gazeti haliwezi kuzichapisha vizuri. Kila picha ina jina la aliyepigwa, kijiji na tarehe, na aliyepigwa ameulizwa kama anakubali kuonekana. Bibi mmoja alikataa. Mkono wake unatosha.

Usidai usichoweza kukithibitisha. Mwanzoni niliandika kwamba sabuni yetu inaponya chunusi. Mwandishi makini aliniuliza nani amepima, nikakosa la kusema. Nimefuta posti zote za namna hiyo. Akiuliza ubora, mwonyeshe karatasi kutoka Taasisi ya Viwango Zanzibar, na kama bado hujaipata, mwambie bado.

Na bahasha, jamani, tuiache. Najua wapo wanaokushauri umpe mwandishi "kitu kidogo" ili habari itoke. Chai na muhogo wa nazi tunampa, kama mgeni yeyote. Ukishamlipa, umenunua tangazo lililovaa nguo za habari, na msomaji anadanganywa.

Habari ilipotoka mara ya kwanza tulipiga picha ukurasa mzima wa gazeti, si kile kipande chetu tu, tukauposti na jina la mwandishi na shukrani. Palikuwa na kosa: umri wa mwenzetu ulizidishwa miaka kumi. Nilimwandikia mwandishi inboksi kwa upole, sikumwaibisha kwenye komenti. Alirekebisha toleo la mtandaoni siku ileile. Bamvua lililofuata akapiga simu mwenyewe kuuliza kama cottonii tuliopanda mara ya nne umeshika.